Kitanda kimoja, wagonjwa watatu

Andikeni kanuni za nani apewe kitanda kabla wodi ya mahututi haijajaa. Mimi ni muuguzi, na sijawahi kuona mtu akiamua vizuri saa nane usiku, ndugu wa mgonjwa wakilia mlangoni.

Anzeni na alama za SOFA, kipimo cha jinsi viungo vya mgonjwa vinavyoshindwa kufanya kazi: mifumo sita ya mwili, kila mmoja 0 (mzima) hadi 4 (mbaya kabisa), jumla 24. Pimeni tena kila siku. Wagonjwa wakilingana, pigeni kura ya bahati nasibu. "Aliyewahi kufika" humpendelea mwenye gari. Anayepanga foleni asiwe daktari anayemtibu mgonjwa husika.

Mtego uko kwenye takwimu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichunguza programu iliyokadiria ugonjwa kwa gharama za matibabu. Wagonjwa Weusi, ambao matibabu yao yalitumia fedha kidogo, walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Basi kila safu ya jedwali lenu la alama iulizeni: unapima ugonjwa, au unapima pochi?

Hata SOFA si malaika. Niliwahi kumpokea mama mwenye figo mbovu za miaka mingi. Kreatini, taka ya damu inayopima figo, ilikwishampa alama 4 kabla hata homa haijamshika. Hali kama hiyo iandikwe pembeni, kwa kalamu, isomwe kwa sauti.

Na aliyekosa kitanda apewe dawa ya maumivu na mtu wa kukaa naye.