Somo: Kuchora uso wa mzee kwa penseli ya shule

Vifaa ni penseli ya HB (ya kawaida), penseli ya 4B (laini na nyeusi zaidi), karatasi isiyo na mistari na raba. Msasa wa kunolea mwombe seremala wa milango. Kipande alichokwisha kukitumia chatosha. Seti ya bei kubwa iache dukani. Hapa Lamu wazee wengi wakielekezewa kamera hugeuza uso, lakini penseli ya HB wanaijua, wajukuu huendea nayo shule. Mzee ataketi, na pua ikikosea atakwambia.

1. Mketishe dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, mwanga wa njiani umpige upande mmoja. Jua la saa sita hufuta vivuli.

2. Kwa HB na mkono mwepesi, chora kichwa kizima kana kwamba hana kofia. Pima toka utosini hadi kidevuni: macho huwa katikati. Anayeanza na kofia huyapandisha macho, mzee akatoka hana mahali pa kuwekea ubongo. Kofia mvishe baadaye.

3. Fumba macho nusu uone penye giza zaidi: matundu ya pua, chini ya kidevu. Tia 4B safu juu ya safu. Usikandamize, grafaiti (ule weusi wa penseli) iliyokandamizwa hung'aa na haipokei safu nyingine.

4. Ndevu za mvi hazichorwi. Iache karatasi nyeupe, utie kivuli kati ya nywele. Vivyo hivyo nakshi za kofia: chora chache za upande wa kivuli, basi.

Maswali

Swali: Mwalimu, kwetu kuna HB tu.
Jibu: Chora nayo, ila uso mzima uwe mwepesi zaidi, weusi wa 4B hutaupata, maana HB ina udongo mwingi. Mchanganyiko wenyewe wa grafaiti na udongo ulizaliwa na uhaba. Mwaka 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, grafaiti safi haifiki. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akachanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi, akauchoma.

Swali: Karatasi hulegea kwa unyevu wa bahari, raba inaichubua.
Jibu: Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, na kadibodi nyuma. Badala ya raba, finyanga sehemu laini ya mkate wa boflo isiyo na siagi, ubonyeze bila kusugua.

Swali: Babu anataka kuutundika mchoro. Hautapauka?
Jibu: Grafaiti ni kaboni, jua haliipaushi. Adui wake ni kuguswa. Utie kwenye fremu yenye kioo, kioo kisigusane na mchoro.