Nyumba mpya Arusha au Moshi: ekstra za kulipia sasa na za kuacha kwanza

Mwezi wa saba mwaka jana mama alinipigia asubuhi na mapema, huku Leicester ndo kwanza kunakucha, akaniambia mwanangu nyumba ni nzuri, Mungu akubariki, ila bado nachemsha maji ya kuoga kwenye sufuria na kubeba ndoo mpaka bafuni. Iliniuma sana. Nyumba iko Moshono, tuliinunua mpya kwa developa, yaani kampuni inayojenga na kuuza nyumba, na ekstra, vile vitu vya kuongeza juu ya bei ya kawaida, nililipia za kutosha tu: granaiti jikoni, silingi ya jipsamu ya ngazi mbili sebuleni na taa zake, mlango mkubwa wa mninga. Waya wa hita ya bafuni nilikataa, kwa sababu kwenye orodha uliandikwa tu "maandalizi ya hita" na kwenye picha haukuonekana, nikaona hiyo hela bora iende kwenye jipsamu. Ikabidi fundi apasue ukuta kutoka kwenye meinswichi mpaka bafuni, tailizi za rangi ile tukazitafuta mjini kote hazipo, na leo ule mstari wa tailizi za rangi nyingine upo pale pale.

Sasa kwa sababu naona ndugu zangu wengi walioko nje wananunua nyumba zinazoanza kujengwa, Njiro, Olasiti, Usa River, wengine Moshi kule Rau na Soweto, naandika hapa kile ambacho ningependa mtu aniambie mimi kabla sijasaini.

Kila kitu kwenye ile orodha ya ekstra kiulize swali moja tu: nikikiacha leo, kesho nitabomoa nini ili kukiweka? Kama jibu ni ukuta, sakafu, silingi au pevingi, lipia sasa hata kama hakipendezi kwenye picha. Kama jibu ni hakuna, acha. Makabati hayabomoi kitu, taa hazibomoi kitu, rangi, mapazia, geti la rimoti (ilimradi paipu ya waya imeshapita chini ya ardhi mpaka getini), vyote hivyo unaweza kuweka ukija likizo na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko ya developa, maana mafundi wa mbao Arusha tunao na makabati ya mbao halisi wanayatengeneza vizuri, wakati yale ya kwenye orodha mengi ni chipubodi, ambayo maji yakiingia chini ya sinki inavimba na hairudi.

Kabla ya kuchagua chochote omba orodha ya nyumba ya kawaida, yaani ile bei waliyokutajia inajumuisha nini hasa: soketi ngapi kila chumba, bati la aina gani na geji ngapi, tanki la lita ngapi, fensi ipo au haipo, karo la maji taka lipo au utachangia. Nyumba ya mfano wanayokuonyesha kwa video imevalishwa ekstra zote na ukiangalia kwa simu huwezi kujua kipi ni cha bei ya kawaida na kipi cha kuongeza, kwa hiyo mwambie anayekutembeza kwenye video asimame kila chumba ataje kwa sauti, hiki kipo, hiki ni ekstra, na wewe urekodi. Uliza pia kinyume chake, ukikataa kitu chake atakupunguzia shilingi ngapi, maana wengine ukisema sitaki tailizi zako nitaleta zangu wanakubali kwa moyo mweupe kabisa lakini bei inabaki pale pale.

Umeme ndo sehemu ya kukaa nayo sana. Hita ya papo kwa papo ya bafuni inakula kilowati 5 hivi, kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama ampea 22, kwa hiyo inataka waya wake yenyewe wa 4 mm au 6 mm kutoka kwenye meinswichi, na swichi yake, usikubali ichomekwe kwenye laini ya soketi ya 2.5 mm. Jiko la umeme au oveni vilevile. Halafu kuna hii ya inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwashe vitu vya nyumbani TANESCO wakikata, ambayo watu wengi wanaikosa: hata kama huna hela ya betri na paneli leo, mwambie fundi umeme atenganishe laini za vitu vya lazima, yaani taa, friji, intaneti na TV, ziwe na boksi lake dogo peke yake, na hita, pasi na jiko zibaki kwenye boksi la TANESCO la kawaida. Siku ukinunua inveta inaunganishwa kwenye lile boksi dogo na kazi inaisha siku hiyo hiyo. Bila hivyo itabidi waya zote zichambuliwe upya na jipsamu itobolewe. Ongeza paipu tupu mbili za kutoka darini mpaka pale inveta itakapokaa, paipu tupu ni hela ndogo mno ukilinganisha na usumbufu wake baadaye. Soketi nazo ongeza, hasa jikoni na pembeni ya kitanda cha mzazi, maana mashine ya presha, chaja na taa ya usiku vyote vinataka sehemu, na waya wa ekstensheni kupita sakafuni kwa mtu mzima ni kumuwekea mtego.

Kama unataka sola ya maji moto badala ya hita, ni nzuri, jua letu linatosha sehemu kubwa ya mwaka, ila zile za kawaida za tanki juu ya bati zinahitaji tanki la maji baridi liwe juu zaidi ya hiyo sola, ndo maji yashuke yenyewe. Hapo hapo unaona kwamba mnara wa tanki na sola ni uamuzi mmoja sio miwili. Na uzito sio wa kupuuza, lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, sola ya lita 200 ni kilo 200 za maji tu kabla ya chuma chake, sasa kama kenchi, ile fremu inayobeba bati, hazikupangwa kubeba huo mzigo utaona bati limelala baada ya mwaka. Sema mapema, kabla kenchi hazijapanda. Weka akilini pia kwamba Arusha mjini ni mita kama 1,400 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba mawingu yanaweza kukaa siku nzima na baridi inaingia kwenye mifupa, kwa hiyo sola iwe na elementi ya umeme ya kusaidia, na huo waya wake nao uwekwe mapema.

Maji ya kunywa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ni afya ya wazazi na watoto. Maji mengi ya upande wa Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ndo ile rangi ya kahawia kwenye meno ya watu tuliokulia huko, na ikizidi kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha umeleta visima vipya na hali imebadilika maeneo mengi, lakini estate nyingi zina kisima chao wenyewe na developa anakitangaza kama sifa, kisima cha uhakika, maji masaa 24. Mwambie akupe majibu ya maabara ya kile kisima, yenye tarehe, na tafuta neno floraidi. Kuchemsha hakuitoi, tena maji yakipungua kwenye sufuria ndo floraidi inakolea zaidi, na chujio la kawaida la mshumaa halisaidii kwa hilo.

Ekstra mbili zinafaa hapa. Moja ni nafasi ya mashine ya kuchuja ile ya RO chini ya sinki, yaani inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, inahitaji tundu la bomba dogo la pili kwenye granaiti, soketi kama ina pampu, na njia ya kumwaga maji machafu maana RO inatupa sehemu ya maji. Tundu kwenye granaiti litobolewe kule kule karakana, fundi akitoboa nyumbani anaweza kuipasua. Ya pili, na mimi hii ndo naipenda zaidi, ni gata bati zima na tanki la mvua la peke yake, lenye bomba lake la jikoni, lisichanganywe na maji ya kisima. Maji ya mvua hayana floraidi ya kukutia wasiwasi, masika ni mwezi wa tatu mpaka wa tano, vuli inakuja mwisho wa mwaka, familia ya watu wanne kwa kunywa na kupika tu haimalizi lita 5,000 haraka. Lazima kuwe na sehemu ya kumwaga yale maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, na ya kunywa bado yachemshwe, kwa ajili ya vijidudu.

Moshi ni habari nyingine. Iko chini zaidi, joto lake mnalijua, Januari na Februari usiku mtu analala na madirisha wazi. Hita unaweza kuisogeza mbele, lakini nyavu za mbu kwenye madirisha na milango ziwe za fremu ya alumini zinazofunguka ili zioshwe, na sehemu za feni kila chumba ziwekewe mbao imara juu ya silingi, feni haining'inizwi kwenye jipsamu. Madirisha yawe makubwa yanayotazamana ili upepo upite, hilo lisemwe kabla ya lenta, lile zege linalopita juu ya madirisha, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu atakuongezea dirisha kwa bei ya kawaida.

Na kwa Wachaga wenzangu, fikirieni Disemba. Nyumba ya vyumba vitatu inapokea watu ishirini, sufuria za pilau na mtori haziingii kwenye jiko la granaiti, mbuzi anachinjwa nje. Jiko la nje lenye paa na dohani, bomba la nje na choo cha nje chenye bafu, kwangu mimi hivi vina maana kuliko jipsamu ya ngazi mbili na mlango wa mninga ukiviweka pamoja. Choo cha nje kikija baadaye maana yake ni kuchimba tena mpaka kwenye karo na kung'oa pevingi. Na karo lenyewe lipimwe kwa hao watu ishirini, sio kwa watu wanne wa kwenye mchoro.

Pevingi nimeitaja, basi niseme: usiharakishe. Udongo uliojazwa kuzunguka msingi unashuka, hasa kule kwenye udongo mweusi unaovimba na mvua na kupasuka kiangazi. Ukilaza pevingi kabla masika hayajapita juu yake utakuta mabonde na maji yamesimama mlangoni. Weka kifusi na kokoto kwanza, gari lipite, pevingi ije mwaka unaofuata.

Upande wa makaratasi. Huku Uingereza ukinunua nyumba inayojengwa wanakupa tarehe ya mwisho ya kuchagua kila kitu kulingana na hatua ya ujenzi, nawe dai hivyo hivyo: tarehe ya kabla ya msingi kwa mambo ya maji taka, kabla ya lenta kwa madirisha, kabla ya plasta kwa umeme na mabomba. Kila ekstra iandikwe kwenye nyongeza ya mkataba, aina, saizi, idadi, bei ikiwa na VAT ndani au nje (asilimia 18 inaweza kukushtua mwishoni), na kama inaongeza siku za kukabidhi. Whatsapp ya "sawa bosi nimekupata" sio mkataba. Bei iwe kwa shilingi, tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo anayekuandikia kwa dola muulize kwa nini. Dai risiti ya EFD. Na hela ya ekstra usitoe yote mkononi, toa sehemu ya kuagiza vifaa, sehemu vikishafungwa, na ya mwisho baada ya kukaguliwa na mtu wako, ambaye ni bora awe mkadiria majenzi au fundi anayelipwa na wewe kuliko binamu anayeogopa kumuudhi developa.

Siku moja kabla ya plasta mtume huyo mtu wako saiti apige video ya kila ukuta, na futi ya kupimia imewekwa ukutani ili uone paipu iko sentimita ngapi kutoka kona. Hizo picha zitunze. Mimi sina, na fundi aliyepasua ukuta wa mama alipasua pia bomba la maji.

Halafu mambo ya kipindi cha matazamio, ule muda ambao developa anarekebisha kasoro kwa gharama yake. Wengi wanaandika miezi sita. Ukikabidhiwa nyumba mwezi wa sita, hiyo miezi inaisha Disemba, yaani bati lako, gata na silingi havijapitia masika hata moja. Omba mwaka mzima, na kama anabisha, afadhali uache granaiti upate hiyo.