Somo: Hakiki kipima unyevu kabla gunia la kwanza halijaingia ghalani

Ndugu wanakikundi, kwetu Mbozi mahindi yameanza kukauka shambani, na muda si mrefu maturubai yatatandazwa. Kitoeni kipima unyevu kabatini sasa. Msimu mmoja tulipokea mahindi ambayo mashine ilisema ni asilimia 13. Wiki chache baadaye tulitia mkono katikati ya gunia tukakuta joto na harufu ya kuvu. Mashine ilikuwa inapunguza, yaani inasoma chini ya unyevu halisi. Kipima kinachozidisha kitakufanya uanike siku mbili zaidi, basi. Kinachopunguza kinakuozea ghala, na sumukuvu ikishaingia haitoki kwa kuanika wala kwa kupika.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hapo ndipo mashine yako inatakiwa kusema kweli.

Hatua ya 1. Weka betri mpya. Futa kikombe cha ndani kwa brashi laini na kitambaa kikavu, maji usiguse. Vumbi la pumba hunyonya unyevu na kubadili jibu.

Hatua ya 2. Andaa sampuli tatu: moja iliyokauka sana, kama 12, moja ya karibu 14, na moja bichi kidogo, kama 17. Moja haitoshi, maana mashine inaweza kusema kweli kwenye 12 na kukosea vibaya kwenye 17. Pepeta, ondoa punje zilizovunjika, jaza chupa ya kioo hadi juu na kaza kifuniko. Acha usiku kucha. Punje iliyotoka kuanikwa ni kavu nje lakini kiini bado kina maji, na mashine nyingi hudanganywa na ule ukavu wa juu. Sampuli ya 17 usiikalie siku nyingi, itaota kuvu.

Hatua ya 3. Kila sampuli igawe mara mbili. Nusu ipeleke kwenye maabara yenye oveni na mizani nyeti. Kwa mahindi, punje nzima gramu 15 hukaa kwenye nyuzi 103 za Selsiasi kwa saa 72. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Gramu 15.00 zikibaki 12.93, maji yalikuwa 2.07, yaani asilimia 13.8.

Hatua ya 4. Siku hiyohiyo unayopeleka sampuli, pima nusu iliyobaki. Chagua zao sahihi kwenye mashine, mimina kwa kimo kilekile, rudia mara tano, chukua wastani. Ukipata 12.6 na oveni ikasema 13.8, mashine inapunguza 1.2. Kama ina sehemu ya kusahihisha, ingiza 1.2. Kama haina, andika "mahindi: ongeza 1.2" na tarehe kwenye karatasi, ibandike juu ya mashine. Makosa ya sampuli tatu yakitofautiana, fuata lile la karibu na 13.5, maana hapo ndipo unapoamua kupokea au kurudisha. Lakini kama majibu matano ya sampuli moja yanarukaruka, hakuna namba ya kuongeza itakayosaidia. Mpelekee fundi, au maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo mwalimu. Kijijini kwetu oveni hakuna. Chumvi kwenye chupa haitoshi?

Marahaba. Chumvi kavu ukiitikisa na mahindi, ikiganda kwenye kuta za chupa inakwambia yamezidi kama 15. Haitenganishi 13 na 14.5, kwa hiyo haiwezi kuhakiki mashine. Changeni nauli, mtu mmoja apeleke sampuli za kata nzima. Mashine zote zipimwe kwa chupa hizohizo.

Kaka, mashine yangu inasoma tofauti asubuhi na mchana. Imeharibika?

Pengine ni joto tu. Mahindi yaliyotoka juani yaweke kivulini pamoja na mashine hadi vilingane, ndipo upime.

Nimeshasahihisha kwa mahindi. Maharage nayo niongeze hivyohivyo?

Hapana. Kila zao lina kosa lake. Hata mpunga na mchele havitumii namba moja.

Mnunuzi alikuja na mashine yake ikasoma 15, yangu 13.5. Alinikata kilo 5 kwa kila gunia la kilo 100. Ningefanyaje?

Dada, pole sana. Chukueni bambo, kile chuma cha kuchoma gunia, toeni punje kwenye magunia kadhaa, changanyeni, ziwekeni kwenye chupa moja. Mashine zote mbili zipime chupa hiyo kivulini, mara tatu tatu. Zikikataa kupatana, tafuteni ya tatu iliyohakikiwa. Na hata kama 15 yake ni kweli, gunia la kilo 100 likikaushwa hadi 13.5 linabaki kilo 98.3, kwa maana kilo 85 zisizo maji gawa kwa 0.865, sehemu isiyo maji kwenye 13.5. Maji yaliyozidi ni kilo 1.7. Kilo 3.3 nyingine akueleze ni za nini.