Wijeti ya hali ya hewa ikikuonyesha Nairobi nawe uko Kisumu

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na W, paneli ya wijeti, yaani visanduku vidogo vya taarifa, itafunguka. Kwenye kisanduku cha hali ya hewa bofya vile vidoti vitatu, chagua kukihariri, andika Kisumu, hifadhi. Kompyuta ikikosa ruhusa ya kujua mahali ilipo, hukisia kwa anwani ya intaneti, nayo inaweza kusomeka kama ya Nairobi. Mimi mvua ya jioni ilishanikuta nguo ziko kambani, eti utabiri ni jua! Bando likiisha, usiiamini wijeti hiyo: utakachoona huenda ni utabiri wa jana. Na habari za mastaa zinazotokea humo zisikumalizie data, zizime kwenye mipangilio ya paneli hiyohiyo.