Ukiingia pabu ya mtaani Uingereza kwa mara ya kwanza

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya pabu (baa ya Waingereza) moja mjini Reading kwa miaka mitatu, zamu za Ijumaa na Jumamosi. Watu wetu nilikuwa nawatambua kabla hawajafungua mdomo: wanachagua meza, wanavuta viti, wanakaa, wanasubiri mhudumu. Dakika kumi, kumi na tano. Mmoja alikuja kunieleza kwa uchungu kwamba anabaguliwa. Kaka, habaguliwi mtu hapa, hakuna mhudumu wa mezani! Alicheka mpaka akakaa chini.

Hatua ya 1: Ingia. Pabu nyingi za zamani zina vioo vya ukungu, huoni ndani kuna nani. Sukuma mlango tu. Uwe na kitambulisho, maana umri wa kununua pombe ni miaka 18 lakini sehemu nyingi humuuliza yeyote anayeonekana hajafika 25. Ukimkuta mbwa amelala chini ya meza, mruke, ni wa nyumbani. Sigara ni nje; ndani ilipigwa marufuku England tangu Julai 2007.

Hatua ya 2: Shika meza, usome namba yake. Mwenzako abaki na makoti, wewe nenda kaunta. Kama mtakula, namba ya meza utaulizwa, na nimeona wengi wakirudi mbio kuitafuta huku watu nyuma yao wanakunja uso.

Hatua ya 3: Subiri zamu yako. Hapa ndipo wageni wanapoharibu. Hakuna mstari; watu wamejipanga ubavuni mwa kaunta kama wasafiri ukingoni mwa kivuko. Lakini foleni ipo, imo vichwani mwa watu. Kila aliyesimama anajua nani kamtangulia, na anayeuza anajua pia. Usipige "psss", usigonge kaunta, usipunge noti. Simama mahali unapoonekana, mtazame muuzaji machoni, basi. Akikugeukia wewe kimakosa, mwonyeshe jirani yako useme huyu alikuwa kabla yangu. Mzee mmoja aliyetendewa hivyo na kijana wa Tanga alimnunulia bia palepale.

Hatua ya 4: Agiza yote kwa mkupuo. Taja vinywaji vya meza nzima, siyo kimoja kimoja. Kama kuna Guinness, ianze: hujazwa mara mbili, katikati inaachwa itulie, na kazi yote huchukua karibu dakika mbili. Ukiikumbuka mwisho, umemkera kila mtu.

Kipimo ni painti, mililita 568, yaani inaizidi kidogo chupa yetu ya nusu lita. Nusu painti ipo na haina aibu yoyote.

Ile mikono mirefu ya pampu juu ya kaunta inavuta bia kutoka kwenye mapipa yaliyo stoo ya chini. Sisi tumezoea kuulizwa "baridi au ya moto?" Hii si baridi wala si ya moto, hutoka kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi, gesi yake ndogo, na uchungu wake hauna haraka. Omba uonje kabla. Kwa kawaida utapewa kidogo bure. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi kuipenda.

Hunywi pombe? Omba soda ya maji yenye sharubati ya ndimu, bei yake huwa ndogo kuliko karibu kila kitu. Bia "zisizo na kilevi" soma lebo, nyingine zina asilimia 0.5. Na vile vipakiti vya vitafunwa vya rangi ya kahawia, vikavu, vinavyolia kama mawe, ni ngozi ya nguruwe. Kitimoto kabisa. Chukua krispi; pasua pakiti ubavuni, itandaze katikati ya meza, kila mtu achote.

Hatua ya 5: Lipa hapohapo. Hakuna kuhesabu chupa tupu mwisho wa usiku. Bakshishi si lazima. Ukimpenda muuzaji, mwambie "and one for yourself", naye ataongeza bei ya kinywaji chake kwenye hesabu yako.

Hatua ya 6: Raundi. Mkiwa wanne, mmoja hununua vinne, kisha anafuata mwingine. Si ofa kama ya kwetu, ambapo mwenye mshahara mpya anabeba meza. Hili ni deni. Anayekunywa tatu za wenzake kisha akakumbuka basi la mwisho, husemwa mwezi mzima. Mfuko ukiwa mwembamba, sema mapema kwamba leo utajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayekushangaa.

Ukitoka kwenda msalani na glasi haijaisha, funika mdomo wake kwa kile kikadi cha kuwekea bia. Maana yake narudi, msiondoe.

Hatua ya 7: Kengele. Ikilia, ni nafasi ya mwisho ya kuagiza, mara nyingi karibu na saa tano usiku. Ikilia tena, kaunta imefungwa, hata ukijuana na mwenye pabu. Utaachiwa dakika chache, kwa kawaida kama 20, umalizie. Mkinyanyuka, bebeni glasi zenu mzirudishe kaunta. Sheria haipo, lakini aliye nyuma ya kaunta amesimama tangu saa kumi na moja jioni, na bado ana vyoo vya kusafisha.