Kabla ya matone ya rota: mambo ya kurithi ya kumwambia muuguzi

Watoto wawili hupewa matone yaleyale ya chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, siku ileile, mmoja akajenga kinga nzuri, mwingine kidogo tu. Wazazi hulaumu chanjo. Mara nyingine sababu imo kwenye utumbo wa mtoto mwenyewe.

Jeni ya FUT2 huwezesha seli za utumbo kubeba sukari fulani juu yake. Virusi vingi vya rota, pamoja na vile vilivyodhoofishwa vya baadhi ya chanjo, hushika sukari hizo kama mtu ashikavyo kitasa ili aingie. Aliyerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia hana kitasa. Katika jamii nyingi ni kama mtu 1 kati ya 5. Chanjo isipoingia, mwili haupati somo. Ajabu ni kwamba virusi halisi vya aina ya P[8], vilivyoenea sana, navyo mara nyingi hukwama hapohapo. Vya P[6] havihitaji kitasa hicho, kwa hiyo usidhani mtoto huyo yuko salama.

Je, mtoto apimwe jeni kwanza? Sioni haja. Majibu hayabadilishi kitu: dozi ya kwanza huanza akiwa na wiki 6, na kuchelewa ndiko kunakomwacha wazi.

Kinachobadilisha uamuzi ni historia ya ukoo, na hiyo haimo kwenye kadi ya kliniki. Kama kuna mtoto wa familia aliyefariki mchanga kwa maambukizi yasiyoisha, au ndugu aliyeambiwa ana upungufu mkali wa kinga wa kuzaliwa nao, mwambie muuguzi kabla hajafungua kichupa. Chanjo hii ina virusi hai. Mtoto mwenye upungufu huo hapewi. Taja pia kama utumbo wa mtoto wako uliwahi kujiingiza ndani yake wenyewe.

Kunyonyesha, endelea. Maziwa ya mama yana kingamwili, chembe za kinga zinazodhaniwa kuidhoofisha chanjo, ndiyo, lakini watafiti walipojaribu kumzuia mtoto asinyonye karibu na dozi, kinga haikuongezeka.

Virusi vya chanjo hutoka kwenye kinyesi, basi nawa mikono kila ubadilishapo nepi, hasa nyumbani mkiwa na mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Na katika wiki ya kwanza baada ya dozi, mtoto akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, akitapika au akitoa kinyesi chenye damu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.