Kabla ya kipupwe: mafua yanayorudi kila mara

Masika yakimalizika na kusi likaanza kuvuma, Juni hadi Agosti, kikohozi cha usiku husikika katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Mwenye nyumba ambayo mafua hayatoki ila kurudi ajitayarishe mapema, na kwanza ajue matayarisho hayo yanasaidia nini. Mafua mengi huletwa na virusi. Tangawizi haiviui, wala haviuawi na antibayotiki iliyobaki kabatini tangu mwaka jana. Dawa ya nyumbani humtuliza mgonjwa mpaka mwili umalize kazi yake, na saa nane za usiku hilo si dogo.

Weka asali. Inunue kwa mtu unayemwamini, maana ya kuchanganywa na maji ya sukari haikosekani. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha mtoto, ila asiyetimiza mwaka asilambishwe kabisa, hata bibi akisisitiza: asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu ya kulegeza misuli, hata ya kupumulia.

Mchaichai, tangawizi, mdalasini na ndimu vinatosha kwa chai. Karafuu tunazo, na Pemba ndiyo kwao. Tia punje mbili tatu kwenye birika. Mafuta ya karafuu ni makali, mtoto asinyweshwe. Koo likiwasha, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, usukutue na kutema. Kujifukiza nako kuna wapenzi wengi, lakini kwa watoto mimi nakukataa: sufuria la maji ya moto ndani ya shuka likipinduka, mafua ndiyo yatakuwa shida ndogo.

Mafua yakizidi kurudi, kagua chumba anacholala mtoto kabla ya kutafuta majani mengine. Moshi wa kuni, sigara, godoro lililoota ukungu, hata chetezo cha udi (najua wengi hawatapenda kusikia), vyote huchokoza njia ya hewa.

Na asikatwe kimeo. Kukata kimeo hakuponyi kikohozi. Kunaleta damu kuvuja na jeraha kuoza.

Ya hospitali nayo yajulikane mapema. Kifua kinachobonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, au pumzi 40 na zaidi kwa dakika kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, 50 kwa wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, 60 kwa aliye chini ya miezi miwili, hayangojei chai. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Koo linalouma pamoja na homa, bila mafua, lichunguzwe, kwani baadhi ya bakteria wa koo wasipotibiwa huweza kuishia kuharibu moyo. Mnaokaa mbali na kituo cha afya, kubalianeni mapema na mwenye gari atakayeitika usiku, na nauli yake iwekwe kando.